Uzi: Mbegu nyeusi ndani ya ndizi ya Kadutu, na kazi ya seti ya tatu ya kromosomu

Mwalimu wa Ibanda (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu wa Bukavu, Goma na kwingineko, nawasalimu. Wiki iliyopita mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa tano alileta darasani nusu ya ndizi ambayo mama yake aliinunua katika soko la Kadutu. Ndani yake mlikuwa na mbegu mbili nyeusi, ngumu kama changarawe, kila moja ikikaribia ukubwa wa punje ya pilipili manga. Mmoja alisema ndizi hiyo imetengenezwa katika maabara, mwingine akasema isiliwe kabisa, na hakuna aliyekuwa amewahi kuona kitu kama hicho. Nimeona niandike hapa kwa urefu, kwa sababu mbegu zile hazina ajabu yoyote. Ajabu ni kwamba ndizi nyingine zote tunazokula tangu utotoni hazina mbegu, na sisi hatujawahi kuuliza kwa nini.

Kila seli ya mwili wa kiumbe hubeba maelekezo yake katika kromosomu, na kromosomu hizo huja kwa seti. Binadamu ana kromosomu 46, yaani seti mbili za 23, moja ya mama na moja ya baba. Mgomba wa porini katika misitu ya kusini-mashariki mwa Asia una kromosomu 22, yaani seti mbili za 11, na tunda lake limejaa mbegu kiasi kwamba mlaji hupata nyama kidogo sana. Mgomba wetu wa milimani, ule wa kupika na ule wa kasiksi, yaani pombe ya ndizi, una 33. Una seti tatu, na kiumbe wa namna hiyo huitwa triploidi.

Seti ya tatu ilitoka wapi? Mmea unapotengeneza chavua au yai, hutakiwa kugawa kromosomu zake nusu kwa nusu, ili yai la mgomba wenye 22 libaki na 11. Mara chache mgawanyo huo hushindikana, na yai hutoka na zote 22. Likikutana na chavua ya kawaida yenye 11, mche unaoota huwa na 33. Hakuna mtu aliyefanya hivyo kwa makusudi. Mkulima wa kale aliona mgomba wenye tunda nene lisilo na mbegu, akachimba chipukizi lake, akalipanda karibu na nyumba, akampa jirani, na jirani akampa shemeji. Kwa njia hiyo mgomba ulivuka bahari hadi Afrika bila kupitia mbegu hata mara moja.

Mwaka 1955 wanasayansi Simmonds na Shepherd walipendekeza tuziandike aina za ndizi kwa herufi, na hadi leo tunafuata mpango wao. Herufi A ni seti iliyotoka kwa mgomba wa porini uitwao Musa acuminata, na herufi B ni seti iliyotoka kwa mgomba mwingine wa porini, Musa balbisiana. Migomba ya milima yetu ni AAA, na Gros Michel, ndizi tamu ya kuliwa mbivu, vilevile. Mikonosi ya ukanda wa joto, yaani ndizi ndefu za kupika (plantain), ni AAB. Ile ya pombe inayojulikana kimataifa kama Pisang Awak, ambayo Waganda huiita Kayinja, ni ABB. Hii ya mwisho inajulikana kwa kutoa mbegu chache pale inapofikiwa na chavua nzuri, na kwa hiyo nadhani ndizi ya mwanafunzi wangu ilikuwa ya ukoo huo. Anayejua zaidi anisahihishe.

Hesabu Goma

Mwalimu, asante. Nimefundisha hisabati kwa miaka mingi na nimependa kulipima jambo hili kwa kalamu. Mgomba una makundi 11 ya kromosomu, na kila kundi lina tatu. Wakati wa kugawa, kundi lenye kromosomu tatu haliwezi kupasuliwa sawa: upande mmoja hupata moja na upande wa pili hupata mbili. Ili yai litoke likiwa limekamilika, ni lazima makundi yote 11 yatoe moja upande ule ule, au yote yatoe mbili upande ule ule. Ikiwa kila kundi huamua peke yake, nafasi ya hilo kutokea ni mara 1 katika 1,024. Mayai mengine yote hutoka na hesabu iliyochanganyika, huku zimezidi na kule zimepungua, na mche hauwezi kujengwa kwa maelekezo ya namna hiyo.

Ila hesabu yangu inaniletea shaka. Ikiwa mkungu mmoja una ndizi 100, na kila ndizi ina vijiyai (vile vinavyoweza kuwa mbegu) 100 tu, hivyo ni vijiyai 10,000. Kwa nafasi niliyoitaja, tungepaswa kuwa na mayai mazuri karibu 10 katika kila mkungu. Mimi nimekula ndizi maisha yangu yote na sijawahi kuuma mbegu hata moja. Basi seti ya tatu peke yake haitoshi kueleza jambo hili, au nimekosea mahali?

Mama Kabare

Mwalimu, na wewe Papa wa Hesabu, nawasalimu. Mimi nina shamba la migomba Kabare, ambalo nililirithi kwa mama mkwe wangu. Nataka kujua mambo mawili. La kwanza, kama hii seti ya tatu ni kitu kilichozidi, je, haina madhara kwa mtu anayekula, hasa mama mjamzito? Kuna watu wanapita sokoni wakisema kwamba matunda yasiyo na mbegu yanafunga kizazi. La pili, kama mgomba hauzai kwa mbegu, basi mgomba wangu na wa jirani yangu na wa mama mkwe wake ni mgomba mmoja?

Mwalimu wa Ibanda

Papa wa Hesabu, hujakosea, na shaka yako ndiyo njia ya kufika kwenye jibu. Kufuli linaloizuia ndizi kutoa mbegu ni zaidi ya moja. La kwanza ni hilo la seti tatu. La pili ni jeni zinazofanya ua la kike lenyewe lisiweze kutunga mbegu vizuri. Ushahidi wake uko Tanzania, ambako Wachaga hulima ndizi iitwayo Mchare. Mchare ina seti mbili tu, kromosomu 22, na bado haina mbegu. La tatu ni kwamba tunda la migomba yetu hukua bila ua kuchavushwa, wakati mgomba wa porini usipopata chavua tunda lake hubaki jembamba na tupu. Kisha ongeza kwamba chavua ya triploidi nayo imeharibika kwa sababu ile ile ya mgawanyo, na kwamba shamba lote ni la ndugu wa damu moja, hivyo nyuki anahama kutoka ua tasa kwenda ua tasa. Kufuli hizo zikikaa pamoja, mara 1 katika 1,024 inakuwa karibu na sifuri.

Mama, kuhusu swali lako la kwanza: hapana, hakuna madhara. Kromosomu za ndizi, ziwe 22 au 33, husagwa tumboni kama chakula kingine chochote, na hakuna seti inayohama kutoka kwenye sahani kwenda kwenye mwili wako. Utasa wa mgomba unatokana na namna seli zake zinavyogawanyika, na si sumu iliyomo ndani ya tunda. Babu zetu walikula ndizi zenye seti tatu kila siku na walizaa watoto 10.

Hofu ya watu wa sokoni huenda ilitokana na tikiti maji lisilo na mbegu, kwa sababu lile kweli lilitengenezwa kwa makusudi. Tikiti nalo lina seti ya kromosomu 11, sawa na mgomba. Mjapani Hitoshi Kihara alitumia kolkisini, dawa inayotoka katika mmea, ili kuzidisha kromosomu za tikiti kutoka 22 hadi 44. Kisha tikiti la 44 lilichavushwa na la 22, na watoto wao wakawa na 33. Alichapisha kazi hiyo mwaka 1951. Hata hapo hakuna jeni ya kiumbe mwingine iliyoingizwa. Kilichobadilishwa ni hesabu ya seti zilezile za tikiti.

Swali la pili ni zito, Mama, na naomba agronomu wetu, mtaalamu wa kilimo, alijibu kama yupo.

Msomaji wa Uvira

Samahani kwa kuingilia. Naona wengi wanadhani kwamba kuzidi kwa seti ndiko kunakoleta utasa. Kahawa arabika ya milima ya Kivu ina kromosomu 44, yaani seti nne, na kila mbuni huota kutokana na mbegu. Viazi vitamu vina 90, yaani seti sita. Hata vyura wa Itombwe, wale wa maji wenye makucha, wana jamaa aliyeelezwa na wanasayansi mwaka 2008 mwenye seti nane, na anataga mayai kama kawaida. Tatizo la mgomba ni witiri, yaani idadi isiyogawanyika kwa mbili. Idadi ya seti ikiwa shufwa, yaani inayogawanyika kwa mbili, kila kromosomu hupata mwenzake wa kusimama naye wakati wa kugawana. Ikiwa witiri, mmoja hubaki peke yake. Zafarani iko katika hali hiyo hiyo: ina kromosomu 24, seti tatu za nane, haitoi mbegu, na kwa maelfu ya miaka watu wameipanda kwa kuchimba na kugawa matunguu yake.

Agronomu wa Walungu

Nipo, Mwalimu. Mama Kabare, ndiyo, kwa kiasi kikubwa ni mgomba mmoja. Chipukizi si mtoto wa mgomba kama vile mtoto wako alivyo mtoto wako. Ni kiungo cha mwili ule ule kilichohamishwa. Tafiti za vinasaba zimeonyesha kwamba migomba ya milima ya Afrika Mashariki, pamoja na majina yake mengi na tofauti zake za ladha na umbo, inafanana mno ndani, kana kwamba yote imetokana na shina moja au machache sana. Tofauti tunazoziona ni mabadiliko madogo yaliyojitokeza shambani, ambayo akina mama kama mama mkwe wako waliyatambua kwa jicho, wakayatenga na kuyapa majina. Kwa kuwa mmea wenyewe haukuzaa, uchaguzi wote uliosalia ulikuwa ni ule wa mkono wa mkulima.

Sasa angalia upande mwingine. Mmea unaozaa kwa mbegu huchanganya jeni kila kizazi, na ugonjwa ukija, baadhi ya watoto huweza kuhimili. Mgomba wa seti tatu hauna kizazi kipya. Mnyauko wa bakteria, ambao majirani wa Rwanda huuita kirabiranya, ulijulikana kwanza Ethiopia. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, na katika miaka hiyo hiyo ukaingia Masisi, ukashuka hadi kwetu. Haukukuta ukoo uliojiandaa. Zaidi ya hapo, njia ile ile tunayoitumia kumpa mgomba maisha, yaani kubeba chipukizi, ndiyo inayobeba ugonjwa. Virusi vya kichwa-rundo, vinavyofanya majani yasimame wima na kusongamana kileleni, vimeenea katika bonde la Ruzizi kwa machipukizi na kwa vidukari. Shemeji aliyepewa zawadi ya chipukizi hupewa pamoja na kila kilichomo ndani yake.

Kwa hiyo, Mama, mbegu bora kwako ni chipukizi safi kutoka katika shina ambalo wewe mwenyewe umelitazama kwa miezi, na si lile lililokuja sokoni bila historia. Ua la kiume, lile lenye rangi ya zambarau linaloning'inia, livunje kwa kijiti chenye panda mara tu chane ya mwisho inapojitokeza, kwa maana wadudu huacha bakteria katika makovu ya ua hilo. Usilikate kwa panga. Panga lililogusa mgomba mgonjwa lipitishe katika moto au lioshe kwa maji ya javeli (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo) kabla ya kugusa mwingine. Na ukiona shina moja limenyauka, likate usawa wa udongo, uendelee kulikagua kundi lote kila wiki. Zamani tuliwaambia watu wang'oe kila kitu, na wengi walikataa kwa sababu tuliwaomba wang'oe chakula cha watoto. Ilikuja kuonekana kwamba bakteria hawafiki katika machipukizi yote ya kundi, hivyo kukata shina lenye dalili peke yake, kwa bidii na bila kukosa, huweza kuliokoa shamba.

Kijana wa Sake

Agronomu, kwa heshima yote, naona mnaipa lawama seti ya tatu kupita kiasi. Yangambi Km5, ambayo jina lake ni la hapa kwetu Kongo, ni AAA, yaani ina seti tatu kama nyingine, na inasifika kwa kuhimili ugonjwa wa madoa meusi ya majani unaoziangamiza nyingine. Si kila triploidi ni dhaifu.

Agronomu wa Walungu

Umesema kweli, na nakubali. Seti ya tatu yenyewe mara nyingi huongeza nguvu: seli huwa kubwa, majani manene, mkungu mzito. Kilichomo ndani ya seti hizo ndicho kinachoamua kama mmea utahimili ugonjwa fulani. Ninachokisikitikia ni kwamba uhodari wa Yangambi Km5 umefungiwa ndani yake. Ni vigumu sana kuuhamisha kwenda katika ndizi ya kupika ya Mama Kabare kwa njia ya kawaida ya kuzalisha.

Muuguzi Kalehe

Naomba nami niseme kuhusu binadamu, kwa sababu nimesoma neno "mjamzito" hapo juu na najua linachokigusa. Seti ya tatu hutokea kwetu pia, mara nyingi pale yai moja linaporutubishwa na mbegu mbili za kiume. Kijusi hupata kromosomu 69 badala ya 46. Mgomba huishi vizuri na seti tatu, lakini mwili wa binadamu hauwezi. Karibu mimba zote za namna hiyo hutoka zenyewe, nyingi katika miezi ya mwanzo. Nyingine huwa mimba ya zabibu isiyo kamili, ambapo kondo hujaa vifuko vya maji. Mama wa namna hiyo anahitaji kusafishwa hospitalini na kurudi kupimwa homoni katika damu hadi ishuke kabisa, na asibebe mimba nyingine kabla ya daktari kumruhusu. Wengi hawarudi, kwa sababu wameshaambiwa nyumbani kwamba ni laana au ni chakula walichokula.

Nimeketi na mama aliyeamini kwamba alipoteza mimba kwa sababu alikula ndizi pacha. Nilimshika mkono na kumwambia kwamba hakuna alichokula, alichobeba wala alichosema kilichosababisha jambo lile. Lilitokea katika saa za kwanza kabisa za mimba, kabla hata hajajua kwamba ameibeba. Wanaume mnaosoma hapa, nawaomba mlichukue neno hili hadi nyumbani.

Tena tusichanganye jambo hili na mtoto mwenye dalili za Down. Huyo hana seti nzima iliyozidi. Ana kromosomu moja tu ya ziada, ya 21, jambo lililoonyeshwa na watafiti wa Ufaransa mwaka 1959. Yeye huzaliwa, hukua, husoma, na anastahili nafasi yake darasani.

Hesabu Goma

Muuguzi, asante sana. Nitalisoma neno lako mbele ya wazazi.

Agronomu, umesema ni vigumu kuhamisha uhodari, na hukusema kwamba haiwezekani. Zile mara 1 katika 1,024 hazitumiki popote?

Mwalimu wa Ibanda

Bahati adimu hutumika, Papa, ingawa si hiyo hasa ya hesabu yako, na kwa namna ambayo itakufurahisha. Huko Kawanda, kituo cha utafiti cha Uganda, watafiti hupanda ngazi kuuchavusha mkungu kwa mkono, wakitumia chavua ya mgomba wa porini wenye kromosomu 22. Aina nyingi hazitoi kitu, ila baadhi hutoa mbegu chache. Mara nyingi yai linalofaulu ni lile lililokataa kugawanyika kabisa, likabaki na zote 33. Likiongezewa 11 za chavua, mtoto ana 44, na sasa ni shufwa, anaweza kuzaa. Huyo huchavushwa tena na mgomba wa 22 wenye uhodari unaotakiwa: 22 kutoka kwake na 11 kutoka kwa mwenzake, na tunarudi kwenye 33, mgomba mpya usio na mbegu. Kosa lile lile lililotupatia ndizi zamani ndilo linalotumiwa kuipa ndizi mtoto. Kwa njia ya namna hiyo ilipatikana ndizi ya kupika iitwayo Kiwangaazi, ambayo wakulima wa Uganda walianza kupewa rasmi mwaka 2010. Ni kazi ya miaka mingi, kwa maana mgomba mmoja huchukua zaidi ya mwaka kabla ya kuonyesha tunda lake, na kiinitete mara nyingi hutolewa ndani ya mbegu na kulelewa katika chupa, kwa kuwa mbegu ikiachwa udongoni huota kwa shida.

Mama Kabare

Mwalimu, nimesoma yote, na mengine nimesomewa na binti yangu mara mbili. Jana nilikata mkungu wa ile ndizi ya pombe iliyo karibu na mto, ambako upande wa pili kuna migomba mingine ya aina nisiyoijua. Nilikaa na watoto tukazipasua ndizi zote, chane baada ya chane. Nyingi zilikuwa na vitone vyeusi laini, vya kawaida. Katika chane ya pili na ya tatu tulipata mbegu tano ngumu kama ulivyozieleza. Tuliziweka katika bakuli la maji: tatu zilielea na mbili zilizama. Zile mbili nimezifunga katika karatasi na kumpa binti yangu, na Jumatatu atapita Ibanda kukuletea.